Jina Lililobaki Kwenye Ripoti ya Daktari Ramlo

Assalamu alaikum, wasikilizaji wapendwa. Kama chai iko motoni, iepueni kwanza, kisha mrudi mkae. Leo ninawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana habari hii ukiishika nusu utamhukumu mtu bure.

Alhamisi ya wiki iliyopita, Daktari Ramlo Kulow alifariki hapa Garissa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Bute, kule Wajir Kaskazini. Alikuwa daktari wa watoto, na alikuwa mtafiti. Utafiti wake wote ulihusu kitu kimoja: usonji.

Usonji, kwa yeyote anayelisikia neno hili kwa mara ya kwanza, ni hali ambayo mtoto anazaliwa nayo. Huenda akachelewa kusema. Huenda asikutazame usoni. Huenda kelele ndogo ikamuumiza kama kofi. Si wazimu. Si jini. Si adhabu. Daktari Ramlo aliyarudia maneno hayo redioni, sokoni, msikitini, hata kwenye harusi za watu, mpaka wengine wakawa wakimwona wanajificha.

Vyeti vyake sitawasomea. Ni vingi, na yeye mwenyewe alivitia ndani ya mfuko wa unga. Nataka tumfuate kwa macho ya mwanamke mmoja, Barwaqo, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Barwaqo amekubali nitaje jina lake. Amekubali nimtaje binti yake Hani, na binti yake mkubwa Filsan. Lakini kuna jina moja amenikataza. Ni jina la utani la Hani.

"Majina ya kweli taja," aliniambia. "Garissa hii akina Hani wamejaa. Lile lingine liache."

Basi nitaliacha. Na mtaona kwa nini.

Tuanze mwaka wa 2016. Hani alikuwa na miaka minne. Alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika, akalazwa wodi ya watoto wenye utapiamlo. Akatoka. Akarudishwa. Akatoka, akarudishwa mara ya tatu. Jamani, fikirini aibu ya Barwaqo. Anauza maziwa mji mzima, halafu mtoto wake analazwa kwa njaa! Wanawake wa sokoni walinyamaza alipopita, na kunyamaza kwao kulimuuma kuliko matusi.

Nesi wa wodi alikuwa mgeni kutoka bara. Barwaqo alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mtoto yangu hana njaa. Maziwa iko. Hii ni kitu ingine." Nesi akaandika kwamba mama anakana hali ya mtoto.

Daktari Ramlo alipita asubuhi hiyo akizungukia vitanda. Hakumpima Hani. Alikaa sakafuni, mtu mzima na koti lake jeupe, akamwangalia kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza Barwaqo, "Nyumbani anakunywa kwenye nini?"

"Kikombe cha manjano," Barwaqo akasema. "Kingine hataki. Hapa mnampa cha chuma."

"Kilete."

Kikaletwa. Hani akanywa vikombe viwili mfululizo mbele ya wodi nzima. Barwaqo alilia pale pale. Anasema si kwa sababu mtoto alikunywa. Alilia kwa sababu kwa miaka minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lenye jibu.

Nirudie, wasikilizaji wapendwa. Mtoto hakuwa na njaa ya nyumbani. Mtoto alikuwa na usonji, na alitibiwa njaa mara tatu.

Kutoka siku ile Daktari Ramlo hakutulia. Kama ni mmoja, ni wangapi? Akakodi pikapu, akachukua nesi wake, Nuh, wakazunguka. Balambala, kando ya Tana. Dadaab, kambini na mjini. Mpaka kwao Bute. Kila boma aliuliza: kuna mtoto mgonjwa? Kuna mtoto asiyesema? Watu wakamjibu alhamdulillahi, wote wazima. Nani atamwambia mgeni mwenye kalamu kwamba mtoto wake ana kasoro? Wiki tano za vumbi, akapata watoto watatu.

Hapo ndipo u-Bute wake ulipomsaidia. Ninyi mnatujua sisi. Hapa kwetu mtu hakosi jina la utani, na jina lenyewe halikuonei haya. Anayechechemea tutamwita Langare mpaka anazikwa. Anayetumia mkono wa kushoto ni Gurey, yeye na watoto wake. Mimi mwenyewe naitwa Dheere, yaani mrefu, na walioniona wanajua urefu wangu unaishia wapi. Si matusi. Ni majina tu, na mwenyewe akiitwa huitika.

Basi daktari akaacha kuuliza magonjwa. Akaanza kuuliza majina. Alikaa na akina mama penye maji, akawapa sukari na majani ya chai, akasema, "Nitajieni watoto wa hapa, mnavyowaita nyumbani." Wakacheka, wakamtajia. Huyu ni Kimya. Huyu ni Mzunguko, hachoki kuzunguka nguzo. Huyu tunamwita Mzee, kwa sababu hachezi na wenzake. Nuh akaandika. Na kila jina la namna hiyo, daktari akaomba kwenda kumsalimu mwenye jina.

Aliuliza kuhusu ugonjwa, akapata watoto watatu. Aliuliza kuhusu majina, akapata arobaini na mmoja. Maboma ni yale yale.

Sijui kama kule ng'ambo alikosomea kuna mtu angefikiria hilo. Nilimuuliza wakati mmoja, akanijibu, "Najib, hilo si akili. Hilo ni umbea uliopata shahada." Ndivyo alivyokuwa. Mkali, mcheshi, na akishika jambo hakuachii pumzi.

Akafungua chumba cha kliniki, nyuma ya duka la dawa. Siku ya watoto wa usonji ilikuwa Jumanne. Feni aliing'oa, maana mlio wake uliwatesa. Alichukua mbao za madrasa, zile tunazoandikia aya, akachora juu yake kwa wino ule ule: kikombe, maji, mlango, mama. Mtoto asiyesema anagusa mchoro. Alipoona wazee wananung'unika kuhusu mbao zile, aliwaendea masheikh kabla hawajamjia, akawaeleza. Hani alikuwa wa kwanza. Baada ya miezi minane akagusa mchoro wa mama, akamtazama Barwaqo. Barwaqo anasema siku hiyo aliuza maziwa bila kupima, akamiminia watu tu.

Barwaqo na daktari wakawa kama ndugu. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea. Barwaqo alimwita daktari abbaayo, dada. Filsan, binti mkubwa, alikuwa akimpelekea maziwa nyumbani. Filsan alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ameposwa na kijana wa hapa hapa mjini, na siku ya nikaha ilikuwa imepangwa.

Mwaka wa 2019 daktari akaandika ripoti yake. Kamati ya Nairobi inayosimamia maadili ya utafiti ikamwamuru afute majina yote ya watoto na wazazi, wasijulikane. Ni sheria nzuri. Akayafuta. Jina la Hani likafutwa. Jina la Barwaqo likafutwa. Lakini katika ukurasa mmoja, akieleza habari ya kikombe cha manjano, aliliacha jina la utani.

Sikieni tena. Jina la kweli, ambalo hapa Garissa watu hawalitumii, lilifutwa. Jina la utani, ambalo kila mtu analijua, lilibaki. Nairobi wakaona mtoto amefichwa vizuri. Hapa kwetu ilikuwa kama kumwonyesha kwa kidole.

Nilimuuliza kaka yake, Alio Kulow, ilikuwaje mtoto wa Bute akafanya kosa hilo. Akasema, "Aliandika kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza lile jina lilikuwa pambo tu. Kama angeliandika kwa Kisomali, mkono wake ungekataa."

Kijana mmoja wa mashirika ya misaada akaisoma ripoti. Hakuwa na nia mbaya. Akatafsiri ukurasa ule, akautuma kwenye kundi la WhatsApp, akajivunia daktari wetu. Katika ukurasa ule ule kulikuwa na sentensi nyingine. Ilisema kwamba katika baadhi ya familia hali hii inaweza kuwa ya kurithi.

Siku mbili tu. Siku ya tatu wazee wa upande wa mchumba walifika kwa Awil, mume wa Barwaqo. Walikunywa chai, wakauliza habari za malisho, wakauliza habari za mvua. Kisha wakasema kijana wao hayuko tayari kuoa. Hawakutaja mtoto. Hawakutaja damu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika nikaha.

Filsan alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote.

Barwaqo alifunga kibanda chake, akaenda kliniki moja kwa moja. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ninayemkumbuka leo nampenda, lakini sitamfichia. Daktari Ramlo hakusema samahani. Alifungua droo, akatoa barua ya kamati. Akasema alifuata sheria, jina alilifuta, soma hapa.

"Mimi nalia," Barwaqo aliniambia, "yeye ananionyesha karatasi."

Ilimchukua daktari majuma mawili kujua alichofanya. Nuh anasema siku moja alikuwa anajaza fomu, akaweka kalamu chini, akasema, "Ya Allah, nilimwonyesha karatasi." Akavaa buibui, akaenda sokoni kwa miguu. Barwaqo alimpimia maziwa kama mteja yeyote, akageukia mwingine. Akaenda mara ya pili na Alio. Akaenda mara ya tatu na wazee, wakapeleka haal, ile heshima anayopewa mtu aliyevunjiwa hadhi. Walikuja na ngamia jike mwenye mimba.

Barwaqo akawarudisha. "Nikimchukua huyu ngamia," akasema, "watu watasema mtoto nimemuuza."

Filsan akaondoka mjini, akaenda Isiolo kwa mama yake mdogo. Anauza vitambaa huko. Hajaolewa. Mara chache alizorudi alifikia nyumbani, akakaa siku mbili, akapanda gari tena.

Sasa mngedhani Barwaqo naye aliacha kwenda kliniki. Aende wapi? Hakuna daktari mwingine wa aina ile kutoka hapa mpaka Mandera. Hani alikuwa anakua, na kila mwaka una shida yake. Kwa hiyo kila Jumanne, kwa miaka sita, Barwaqo alimshika Hani mkono, akaenda, akaketi mbele ya Daktari Ramlo, na hakumsemesha.

Alisema na Nuh.

"Nuh, mwambie daktari amelala vizuri wiki hii."

Daktari yuko pale, meza moja. Nuh anageuka, uso umemshuka. "Anasema amelala vizuri."

"Nimesikia, Nuh. Muulize kama anajipiga kichwani bado."

"Mwambie mara moja tu, Jumamosi, kwa sababu ya honi ya lori."

Miaka sita, jamani! Nuh anasema mwanzoni alikuwa anacheka akifika kwake. Baadaye akawa anaogopa Jumanne. Lakini anasema pia kwamba hajawahi kuona mtoto aliyeangaliwa kwa makini kama Hani. Wale wanawake wawili walikuwa wamekasirikiana, na mtoto wamemshika pamoja.

Tangu mwaka jana daktari alianza kukonda. Watu wakasema ni kazi. Ilikuwa saratani, na alimwambia Alio peke yake. Watoto aliwapunguza, kutoka kumi na wawili kwa siku mpaka sita, mpaka watatu. Hani hakumpunguza.

Tumefika Jumanne ya wiki iliyopita. Barwaqo aliketi. Akaanza kama kawaida, "Nuh, mwambie daktari..."

Daktari akainua mkono. Akasema, "Barwaqo, nimechoka kupelekewa salamu kutoka upande wa pili wa meza. Nilikukosea. Nilikukosea mara mbili, kwenye ripoti na kwenye karatasi. Nisamehe."

Hani alikuwa anapanga mbao zake kwenye dirisha.

Barwaqo hakumtazama. Akasema, "Nuh, mwambie daktari mimi nilishamaliza, siku nyingi. Lakini si mimi niliyevunjiwa ndoa. Filsan anakuja Ijumaa kutoka Isiolo. Amuulize mwenyewe."

Daktari akasema, "Sawa. Ijumaa." Akaandika kwenye kalenda ya ukutani, akarudi kumshughulikia Hani.

Jumanne alisema hayo. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Daktari Ramlo alifariki. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Ijumaa Filsan akafika.

Barwaqo aliponieleza hili tulikuwa kibandani kwake, wateja wanasubiri. Alitoa simu yake kwenye pindo la mtandio, akaiweka juu ya meza mbele yangu.

"Simu hii nilikuwa nayo," akasema. "Ilikuwa hapa hapa. Ningebonyeza namba ya Filsan, ningempa daktari aongee, dakika moja. Nilifikiria. Wallahi nilifikiria. Lakini nikasema moyoni, mimi nimengoja miaka sita, yeye angoje siku tatu. Nilitaka angoje, Najib. Nilitaka aonje."

Nikamwambia hakujua kama daktari yuko karibu na kifo.

"Nilimwona mikono," akasema. "Mimi ni mama. Nilijua ni mgonjwa. Sikujua ni siku mbili."

Akaichukua simu, akarudi kuwapimia wateja.

Makaburini Alio alisimama kama tunavyofanya siku zote. Akatangaza: yeyote mwenye dai juu ya dada yangu, na ajitokeze, au amsamehe. Wanaume wakajibu kwa pamoja kwamba wamesamehe. Awil, baba yake Filsan, alikuwa pale. Naye alisamehe, kwa sauti, mara tatu. Alio anasema alimshukuru Mungu aliposikia sauti ile. Alidhani mzigo umeshuka.

Nilimpata Filsan juzi. Yuko bado kwa mama yake, hajarudi Isiolo. Ana miaka ishirini na saba sasa. Anaongea polepole, anakutazama. Nikamuuliza, "Baba yako alisamehe kaburini. Umesikia?"

"Nimesikia," akasema. "Lakini msamaha ule haukuwa wake wa kutoa."

Nikamuuliza angemwambia nini daktari kama angemkuta hai siku ya Ijumaa. Nitawapa maneno yake kama alivyoyasema, sitaongeza wala kupunguza.

"Ningemwambia hapana. Mama aliponipigia Jumanne jioni, kwamba daktari anataka kuniomba msamaha, nilifurahi. Si kwa wema. Nilifurahi kwamba nitamkatalia mbele ya macho yake. Nilipanda gari na hiyo hapana, njia nzima, nimeipanga maneno. Nikashuka Garissa, nikaambiwa amezikwa jana. Sasa hapana yangu nimebaki nayo mimi. Nimeamka nayo leo siku ya nane. Na Jumanne mdogo wangu alivaa viatu, akasimama mlangoni, akagusa ubao wake wenye picha ya daktari, akagusa tena, akagusa tena. Nikatafuta mtu wa kumkasirikia, nikakosa."

Nikamuuliza, je, sasa amesamehe?

Akasema masheikh wamemwambia msamaha humfikia maiti, hata leo, hata mwakani. Akasema anafikiria. Akasema asiharakishwe na mimi, wala na baba, wala na watu wenye huruma.

Wasikilizaji wapendwa, kliniki ya nyuma ya duka la dawa imefungwa. Nuh anazo funguo, na anajua mengi, lakini Nuh ni nesi mmoja. Watoto arobaini na mmoja wa ile pikapu sasa ni zaidi ya mia, na Jumanne haitaacha kuja. Walio na uwezo wa kufanya kitu wananisikia, na wanajua kwamba nasema nao.

Kwa Alio Kulow na familia yote ya Bute, kwa Nuh, kwa kila mama aliyewahi kukaa sakafuni kwenye chumba kile, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Daktari Ramlo, amsamehe alipokosea, na ayapokee yale mengi aliyopatia. Barwaqo, pole, abbaayo. Hukumuua kwa siku tatu. Lakini najua kusikia hivyo hakutoshi.

Na wewe unayenisikiliza, labda kuna mtu umempanga angoje. Ana kosa kweli, na wewe una haki kweli. Sikwambii umsamehe. Nakwambia umwendee leo, umpe jibu lako akiwa anasikia, liwe ndiyo au liwe hapana.

Filsan aliniomba jambo moja kabla sijazima kinasa sauti. Aliniomba nisije nikamalizia kipindi kwa kuwaambia watu kwamba amesamehe, eti kwa sababu inapendeza. Filsan, kama redio yenu iko wazi hapo nyumbani, nimetimiza. Sijawaambia.